Louis Rwagasore: alishinda kura, akaongoza siku 15

Kila mara uchaguzi unapokaribia kwetu, swali lilelile linarudi: katika masoko, katika taxi-moto, na kwenye simu za wasikilizaji. Watu wanajiuliza kama kweli ni wao watachagua, ao kama majina yamekwisha kupangwa nje ya inchi na wao wanaitwa tu kuja kupiga mihuri. Wengi wetu, tukisikia swali hilo, tunafikiri palepale juu ya Patrice Lumumba. Habari yake inajulikana. Lakini ng'ambo ya Ruzizi, karibu na Uvira, kuna mutu mwingine aliyeuawa mwaka uleule wa 1961. Yeye pia alikuwa waziri wa kwanza, na yeye pia alishinda kura yenye wakubwa wa koloni hawakutaka ashinde. Jina lake ni Louis Rwagasore.

Burundi inamuita shujaa wa uhuru, na kila tarehe 13 mwezi wa 10 inchi yote inapumzika juu yake. Huku kwetu watu wengi wanajua jina, lakini historia yenyewe haielezwe sana. Na iko na mafundisho kwetu.

Mwana wa Mwami

Rwagasore alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 1, mwaka wa 1932, huko Gitega. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyewekwa kwenye kiti cha ufalme mwaka wa 1915 akiwa angali mutoto mudogo. Mama yake aliitwa Thérèse Kanyonga.

Inchi yenye alizaliwa ndani ilikuwa sehemu ya Ruanda-Urundi. Kisha vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani waliondolewa, na Ubeleji ukapewa kazi ya kulinda hizo inchi mbili. Kwa maandishi haikuwa koloni kama Congo: ilikuwa inchi iliyowekwa chini ya ulinzi, kwanza wa Ushirika wa Mataifa, kisha wa ONU. Lakini kwa matendo, tofauti ilikuwa ndogo. Tangu 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa na Congo Belge katika utawala. Mukubwa wa Usumbura, ni kusema Bujumbura ya leo, alikuwa chini ya gavana mukuu wa Léopoldville. Askari wa Force Publique walikuwa kule sawa na huku.

Kijana Rwagasore alisoma kwa Mafrère wa Astrida, muji wenye kuitwa leo Huye, katika Rwanda. Ni shule hiyo ilikuwa inafundisha watoto wa wakubwa, ili wasaidie Wabeleji kutawala. Kisha akatumwa Ubeleji, akasoma Anvers. Aliporudi katikati ya miaka ya 1950, kila mutu alifikiri ataingia katika njia iliyotayarishwa: apewe eneo la kutawala, ajenge nyumba nzuri, na anyamaze.

Koperative ya wachuuzi

Hakuanza na siasa. Alianza na biashara. Mwaka wa 1957 alisaidia kuanzisha koperative ya wachuuzi wenyeji. Wakati ule biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wabeleji, Wagiriki, Wahindi na Waarabu. Mwenyeji aliuza kahawa yake kwa bei yenye alipewa, akanunua kitambaa na chumvi kwa bei yenye alipewa. Koperative ilitaka kuvunja hiyo hali.

Ni hapo alijuana na watu wa mitaa ya Usumbura, zaidi sana Buyenzi, mutaa wa Waswahili. Watu wa Buyenzi walikuwa wachuuzi, madereva na mafundi, wengi wao Waislamu, wengine wenye asili ya Congo na ya Tanganyika. Kwa mutawala wa koloni hao walikuwa watu wa kando: hawakuwa na shefu wala kilima. Mwana wa Mwami alikaa nao, akaongea Kiswahili nao, akasikiliza shida zao. Baadaye ni wao waliomubeba. Kwa njia yao pia alifikia TANU, chama cha Julius Nyerere katika Tanganyika, na chama hicho kilimusaidia.

Koperative yenyewe haikuenda vizuri. Ilikosa franka, ikaingia katika madeni, na utawala ukaibana. Wapinzani wake walitumia neno hilo kwa miaka: mutu mwenye anashindwa kuongoza duka, ataongoza inchi namna gani? Deni lilikuwa la kweli. Lakini watu waliona pia kitu kingine: mutoto wa kwanza wa ufalme mwenye alijaribu kuwaondoa chini ya bei za wengine.

Mwanzoni mwa 1959 Wabeleji walimupa ushefu wa Butanyerera, upande wa kaskazini. Ilikuwa heshima, lakini pia ilikuwa njia ya kumuweka mbali na Usumbura. Hakukaa sana. Siasa ilikuwa imekwisha kumukamata.

UPRONA na woga wa utawala

Chama chake kiliitwa UPRONA, ni kusema umoja kwa ajili ya maendeleo ya taifa. Kilidai uhuru wa mbio, chini ya Mwami mwenye kuheshimu sheria. Na kilikataa kupanga watu kwa ukabila. Mwaka wa 1959, kule Rwanda, mauaji na moto vilifukuza Watutsi wengi wakavuka mipaka. Rwagasore aliangalia hayo na akaamua kwamba katika chama chake Wahutu na Watutsi watakaa kwenye viti vya mbele pamoja. Mwaka uleule alimuoa Marie-Rose Ntamikevyo, binti wa Kihutu. Kwa mwana wa ufalme, hiyo haikuwa desturi.

Mupinzani mukubwa alikuwa PDC, chama cha wademokrati wakristo. Viongozi wake wakubwa walikuwa ndugu wawili: Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, watoto wa shefu Pierre Baranyanka. Hapa inafaa tukae kidogo, juu bila kuelewa neno hili, mutu hataelewa mwisho wa habari. Katika Burundi watu wa ukoo wa kifalme, Waganwa, walikuwa wamegawanyika. Rwagasore alikuwa wa tawi la Bezi. Baranyanka na watoto wake walikuwa wa tawi la Batare. Matawi hayo mawili yalikuwa yanashindania mashamba, ushefu na heshima tangu zamani, mbele Mubeleji hajafika.

Utawala wa Ubeleji ulichagua upande. Gavana Jean-Paul Harroy alimupenda Baranyanka, shefu mwenye alitumika vizuri na koloni. PDC haikuwa na haraka ya uhuru: kwanza mashule, kwanza maendeleo, uhuru baadaye. Hayo ndiyo Wabeleji walitaka kusikia. Rwagasore naye alisema uhuru sasa. Kisha Congo ilipopata uhuru tarehe 30 mwezi wa 6, 1960, na askari wa Force Publique wakaasi siku chache tu baadaye, Wazungu wengi wa upande wetu walikimbilia Usumbura. Woga ulivuka mupaka pamoja nao. Tangu hapo, kwa wakubwa wengi wa Usumbura, Rwagasore alikuwa Lumumba mwingine, na wakamubandika jina la mukomunisti. Mukomunisti mwenye alitaka Mwami abaki kwenye kiti!

Kura ya kwanza: mugombea amefungwa

Sasa tuangalie namna walifanya, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ilikuwa sheria. Mwaka wa 1960, kisha mazungumuzo yaliyofanyika Bruxelles, iliamuliwa kwamba ndugu wa karibu wa Mwami hawana ruhusa ya kugombea wala kupewa kazi ya siasa. Hakuna jina lililoandikwa, lakini kila mutu alijua ni nani analengwa. UPRONA ikatafuta njia ya kupita: Rwagasore hakuitwa tena kiongozi, akaitwa mushauri wa chama. Akaendelea kuzunguka milima.

Hatua ya pili ilikuwa kumufunga. UPRONA iliomba watu wasinunue katika maduka ya Wabeleji na wasilipe kodi. Mwisho wa mwezi wa 10, 1960, siku chache mbele ya kura za makomini, utawala ulimukamata Rwagasore na kumuweka chini ya ulinzi huko Bururi, kusini mwa inchi. Alibaki kule mpaka kura ziishe. Matokeo: PDC ilipata viti 942, UPRONA 545, na vingine vikagawanywa kati ya vyama vidogo. Viti vyote vilikuwa 2.876.

Hatua ya tatu ilikuwa kugawa vyeo. Mwanzoni mwa 1961 utawala ulisimamisha serikali ya muda, ikiongozwa na Joseph Cimpaye. Vyama vyenye kupendwa na Usumbura viliingia ndani. UPRONA haikupata hata kiti kimoja.

Ukisoma hizo hatua tatu, utaona kwamba hakuna sanduku la kura lililoibiwa. Haikuhitajika. Mutu mwenye kuamua nani anaruhusiwa kugombea, nani anakaa gerezani wakati wa kampanye, na nani anapewa kiti mbele ya kura kubwa, huyo hana lazima ya kuiba.

Bukavu, siku za mwaka mupya

Siku zilezile, Kivu yetu iliona kwa macho yake Ruanda-Urundi inatumiwa kwa kazi gani. Lumumba alikuwa amekwisha kukamatwa na askari wa Mobutu. Watu wake wakajikusanya Stanleyville chini ya Antoine Gizenga, na mwisho wa mwezi wa 12, 1960, Anicet Kashamura, mwana wa Kivu, akaja kushika Bukavu kwa upande wao.

Mobutu akatuma askari. Hawakupita Congo. Walishuka kwa ndege Usumbura, wakapita katika inchi yenye Ubeleji ulipewa na ONU kulinda, na tarehe 1 mwezi wa 1, 1961, wakavuka Ruzizi kushambulia Bukavu. Walishindwa. Lakini katika New York neno lilifika: Ubeleji ulipewa inchi kuilinda, na umeitumia kusaidia upande mumoja katika ugomvi wa Congo. ONU, yenye ilikuwa imekwisha kuanza kubana Ubeleji juu ya Ruanda-Urundi, ikazidi kubana.

Kura ya pili

Kubana huko ndiko kulifungua mulango. Baraza kubwa la ONU lilidai kura ya wabunge isifanywe haraka-haraka, wafungwa wa siasa waachiliwe, vyama vyote viwe na ruhusa, na watu wa ONU waje kuangalia. Ubeleji ulikuwa na haja ya jina zuri mbele ya dunia, kisha yale ya Congo. Ukakubali. Rwagasore akapata ruhusa ya kufanya kampanye.

Alizunguka inchi yote. UPRONA ilikuwa na watu katika kila pembe: wachuuzi wa Buyenzi, wakulima, mashefu wengine wenye kupenda ufalme, wasomi vijana. PDC ilikuwa na musaada wa utawala. Harroy mwenyewe, miaka mingi baadaye, aliandika kitabu juu ya wakati huo na hakuficha kwamba serikali yake iliegemea upande huo.

Tarehe 18 mwezi wa 9, 1961, Warundi walipiga kura. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Vyama vingine vyote pamoja vilibaki na viti 6. Watu zaidi ya 80 kwa mia walichagua chama cha mutu mwenye walikuwa wameambiwa kwa miaka miwili kwamba hafai.

Kisha ushindi Rwagasore hakutisha wapinzani wake. Aliomba watu wahukumu serikali yake kwa matendo na akaahidi amani kwa wote, hata kwa Wazungu wenye kutaka kubaki. Tarehe 28 mwezi wa 9 akawa waziri wa kwanza. Alikuwa na miaka 29.

Risasi moja kando ya ziwa

Magaribi ya tarehe 13 mwezi wa 10, 1961, Rwagasore alikuwa anakula na watu wake katika hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, Usumbura. Risasi ilitoka gizani, ikamupata. Alikufa palepale. Alikuwa ameongoza serikali siku 15. Walimuzika kwenye kilima cha Vugizo, juu ya muji, fasi yenye kaburi lake linaonekana mpaka leo.

Mwenye kupiga alikuwa kijana Mugiriki, Jean Kageorgis. Alikamatwa mbio, na mbele ya siku nyingi kupita njia ya mupango ikajulikana: ilifika kwa mufanyabiashara Mugiriki Michel Iatrou, na kwa wakubwa wa PDC, Ntidendereza na Biroli. Ni kusema: kidole cha mugeni, lakini amri ilitoka ndani ya nyumba. Ugomvi wa Bezi na Batare ulikuwa umefika mwisho wake.

Je, nyuma ya hao kulikuwa nani? Mashahidi walisema mbele ya wachunguzi wa Ubeleji kwamba siku chache kisha kura, katika mukutano, Roberto Régnier, rezida wa Ubeleji katika Burundi, alitoa maneno ya kwamba Rwagasore anapaswa kuuawa. Hakuna Mubeleji hata mumoja aliyepelekwa mbele ya mahakama juu ya kifo hicho. Mwaka wa 2018 serikali ya Burundi ilishitaki Ubeleji wazi mbele ya dunia. Na mwaka wa 2021 mutafiti Mubeleji Ludo De Witte, mwenye alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya mauaji ya Lumumba, alitoa kitabu kingine juu ya Rwagasore. Amerudi katika karatasi za serikali ya inchi yake, na anaonyesha kwamba wakubwa wa koloni walikuwa na sehemu yao katika ile kazi.

Hukumu nazo ziliacha vidonda. Kageorgis alipigwa risasi na askari tarehe 30 mwezi wa 6, 1962, siku moja tu mbele ya uhuru wa Burundi. Wengine mahakama ya rufani ya koloni iliwaacha na kifungo. Warundi wengi waliona hiyo si haki: mupigaji amekufa, wapangaji wanaishi. Kisha uhuru kesi ilifunguliwa upya, na katikati ya mwezi wa 1, 1963, watu watano, pamoja na Ntidendereza na Biroli, walinyongwa Gitega mbele ya umati mukubwa.

Deni lenye tunalipa pamoja

Wenye kumuua walifikiri wanaondoa mutu mumoja. Waliondoa musumari wenye ulikuwa unashika mbao zote. UPRONA, pashipo Rwagasore, ilianza kugombana ndani: nani ataongoza, na polepole swali hilo likageuka kuwa la Muhutu ao Mututsi. Mwanzoni mwa 1965 waziri mwingine wa kwanza, Pierre Ngendandumwe, Muhutu, aliuawa pia. Mwaka wa 1966 jeshi liliondoa ufalme. Mwaka wa 1972 mauaji makubwa yalifanya watu wakimbie kwa maelfu. Wengi walivuka Ruzizi na ziwa, wakafika Uvira na Fizi. Na haikuwa mara ya mwisho: 1993 walikuja, na 2015 walikuja tena, wakawekwa Lusenda. Familia nyingi za Sud-Kivu zilikula sahani moja na matokeo ya risasi ile.

Hatuwezi kusema mambo yote hayo yalitoka kwa mutu mumoja kufa. Lakini tunaweza kusema hivi: watu walikuwa wamechagua kiongozi mwenye aliunganisha, na wakamupoteza katika siku 15.

Sasa turudi kwa swali la mwanzo, la mukono wa nje. Katika maisha ya Rwagasore mikono ya nje haikuwa mumoja. Kulikuwa mukono wa Ubeleji, wenye ulipunguza majina mbele ya mupiga kura. Kulikuwa mukono wa TANU, wenye ulisaidia upande mumoja: na hata kama tunaupenda, huo pia ulitoka nje. Na kulikuwa mukono wa ONU, wenye ulilazimisha gereza kufunguliwa na wagombea wote kuingia uwanjani. Kwa hiyo, tukisikia kwamba wageni wanajiingiza katika uchaguzi, haitoshe kupiga kelele. Tuulize: mukono huo unaongeza majina yenye mupiga kura anaweza kuchagua, ao unayapunguza? Unafungua mulango, ao unafunga mutu huko Bururi?

Na tuulize la pili, lenye linauma zaidi. Mugeni hakuumba ugomvi wa Bezi na Batare; aliukuta, akakaa upande mumoja, akaupa nguvu. Mwenye kutaka kutuchagulia viongozi hatakosa kutafuta mulango katika nyumba yetu: koo zinazogombana, makabila yanayochukiana, mwanasiasa mwenye kura hazimutoshe na anatafuta musaada ng'ambo. Milango hiyo ni sisi wenyewe tunaifungua, na ni sisi wenyewe tunaweza kuifunga.

Warundi wa 1961 walikuwa na karatasi moja tu ya kura, na wengi wao hawakujua kusoma. Waliambiwa kwamba mutu wao hafai, wakaona anafungwa, wakaona wengine wanapewa vyeo. Tarehe 18 mwezi wa 9 walikwenda kumuchagua yeye.